Nguvu za uzeeni: mzee wa Rungwe abadili nini kwenye sahani yake?

Katika kata ya Ikuti, kama ilivyo sehemu kubwa ya Wilaya ya Rungwe, chakula kipo. Migomba iko nyuma ya nyumba, mahindi na maharage hutoka shambani, mvua hainyeshi kwa kubahatisha, na nyumba nyingi zina ng'ombe wa maziwa au angalau kuku. Hata hivyo malalamiko ya wazee ni yale yale kila kijiji: miguu haina nguvu, mwili unachoka mapema, choo ni kigumu, kichwa kinazunguka mtu anaposimama ghafla. Wanaowasikiliza huwajibu, "Ni uzee tu, baba."

Uzee una sehemu yake, lakini si yote. Mwili wa mtu wa miaka 65 hautumii chakula kama ulivyokitumia akiwa na miaka 35, na wengi wetu tunaendelea kula kama zamani, au tunakula kidogo zaidi cha aina ile ile. Katika makala hii tunaeleza kinachobadilika mwilini, kisha tunaonyesha jinsi ya kubadili mlo kwa vyakula vinavyopatikana Rungwe. Tunaeleza pia ni lini chakula pekee hakitoshi na mtu anapaswa kwenda kupima.

Mwili unabadilika vipi

Kuanzia miaka 30 hivi mtu hupoteza misuli kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Misuli ndiyo inayomwinua mtu kwenye kigoda na kumzuia asianguke anapoteleza kwenye njia ya matope. Jipime nyumbani: kaa kwenye kiti imara, kunja mikono kifuani, kisha simama bila kushika popote. Ukishindwa, miguu yako imepungukiwa nguvu.

Tumbo nalo hubadilika. Wazee wengi hufyonza kwa shida vitamini B12, inayohitajika kwa damu na mishipa ya fahamu. Vitamini hiyo hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa, si katika ndizi wala mahindi. Hamu ya kula hupungua, meno hutoka, na kiu haisikiki kama zamani hata mwili unapohitaji maji.

Wakati huo huo, presha na kisukari huongezeka kadiri umri unavyosogea. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa kati ya watu 100 wenye miaka 25 hadi 64, kama 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu na 9 walikuwa na kisukari. Si magonjwa ya watu wa mjini peke yao.

Ndizi hushibisha, lakini misuli inataka zaidi

Mbalaga ni chakula kizuri. Ndizi zina wanga wa kutupa nguvu na zina madini ya potasiamu yanayosaidia kushusha presha. Tatizo ni kwamba zina protini kidogo sana: bakuli lenye nusu kilo ya ndizi zilizopikwa lina kama gramu 5 tu. Viazi na magimbi havina tofauti kubwa.

Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mzee mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Hesabu yake kwa chakula cha kwetu inaweza kuwa hivi:

- Nusu lita ya maziwa: gramu 16
- Yai moja: gramu 6
- Kikombe cha maharage yaliyopikwa: gramu 15
- Konzi ya usipa wakavu wa Ziwa Nyasa, kama gramu 30: gramu 15 au zaidi
- Ugali wa dona, ndizi na mboga za siku nzima: gramu 15 hivi

Jumla inafika karibu gramu 67, na hakuna nyama ya buchani ndani yake. Ni vizuri protini igawanywe katika milo yote ya siku. Mzee anayekunywa chai na kiazi asubuhi, akala ndizi mchana, kisha akasubiri maharage ya usiku, anaupa mwili protini mara moja tu kwa siku.

Mwenye meno machache asiache vyakula hivi. Maharage yanaweza kupondwa, usipa ukasagwa na kutiwa kwenye mboga, yai likavurugwa kwenye viazi vilivyopondwa. Kama maharage yanajaza gesi, yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya, na uanze na kiasi kidogo.

Kinachouzwa na kinachobaki nyumbani

Hapa ndipo penye ugumu. Vyakula ambavyo mzee anavihitaji zaidi ndivyo vinavyoleta fedha: maziwa yanakwenda kwenye kituo cha kukusanyia, mayai yanakwenda gulioni, parachichi za Hass zinasubiri mnunuzi. Nyumbani hubaki ndizi, mahindi na viazi. Hatuwezi kumwambia mtu asiuze, maana fedha hiyo ndiyo inayolipa mahitaji ya shule ya wajukuu na mbolea. Tunachoshauri ni familia kukaa na kupanga kiasi kitakachobaki kabla ya kuuza, badala ya kula kilichokosa mnunuzi.

Nusu lita ya maziwa kwa mzee na mayai manne kwa wiki ni mwanzo mzuri. Parachichi ndogo au zenye alama kwenye ganda, ambazo mnunuzi huzikataa kwa sura yake, zina chakula kile kile ndani. Parachichi ina mafuta yanayofaa kwa moyo na nyuzinyuzi zinazolainisha choo, na nusu yake kwenye mlo inatosha.

Maziwa lazima yachemshwe, hata yakiwa ya ng'ombe wako mwenyewe, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na hata kifua kikuu. Mzee ambaye maziwa humjaza tumbo ajaribu mtindi uliogandishwa kutokana na maziwa yaliyochemshwa. Wengi huvumilia mtindi kuliko maziwa matamu.

Chai, sukari na chumvi

Rungwe ni nchi ya chai na hatusemi mtu aiache. Mambo mawili yanatosha kubadilika.

La kwanza ni muda. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga, na upungufu wa chuma huleta upungufu wa damu na uchovu. Kunywa chai saa moja kabla au baada ya kula. Kwenye mlo wenyewe weka tunda, kama chungwa, papai au pera, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

La pili ni sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina kama gramu 4. Anayeweka vijiko vinne na kunywa vikombe vitatu amekula karibu gramu 50 kabla ya kugusa soda au andazi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ni bora zaidi isipite 25, yaani vijiko sita. Punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi utazoea. Asali nayo ni sukari, hivyo kuiweka badala ya sukari hakumsaidii mwenye kisukari.

Kwa chumvi, shirika hilo linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Njia rahisi ya kujipima ni pakiti: nyumba yenye watu wazima sita haipaswi kumaliza nusu kilo ya chumvi kabla ya siku 16. Ikiisha kwa siku 8, mnakula mara mbili ya kiasi. Ondoeni kopo la chumvi mezani, loweka samaki wa chumvi kabla ya kumpika, na kumbuka kwamba viungo vya pakiti vya kuungia mchuzi navyo vina chumvi nyingi. Kitunguu, tangawizi, limau na nyanya huleta ladha bila chumvi. Chumvi mnayobaki nayo iwe yenye madini joto.

Dona, mboga na maji

Sembe nyeupe imeondolewa pumba na kiini cha mhindi, ambako ndiko kwenye nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Dona ina vyote hivyo. Kama familia haiipendi, changanyeni nusu kwa nusu kwa mwezi mmoja. Mahindi yakaushwe vizuri na yenye ukungu yatupwe, maana ukungu huo una sumu inayoharibu ini.

Mboga za majani zisiwe kionjo cha pembeni. Mnafu, majani ya maboga, mchicha, matembele na chainizi zichukue karibu nusu ya sahani, ugali au ndizi robo, na maharage, samaki au yai robo iliyobaki. Mboga zipikwe muda mfupi kwa mafuta kidogo.

Kuhusu maji, tunajua kwa nini wazee wengi hawanywi: choo kiko nje, usiku ni baridi na njia inateleza. Kunywa vikombe sita hadi vinane, vingi viwe kati ya asubuhi na alasiri, kisha upunguze jioni. Aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa sababu ya moyo au figo afuate agizo hilo. Pombe, iwe kimpumu au ya dukani, huongeza hatari ya kuanguka na haipatani na dawa nyingi.

Tahadhari kwa wanaotumia dawa

Anayetumia dawa za kisukari, hasa sindano za insulini au glibenklamaidi, asipunguze ugali ghafla wala kuruka mlo. Sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Azungumze kwanza na mhudumu wa afya ili dawa ipangwe upya.

Mwenye ugonjwa wa figo aulize kabla ya kuongeza ndizi, parachichi na protini. Baadhi ya dawa za presha nazo huongeza potasiamu mwilini, kwa hiyo swali hilo ni la kila anayemeza dawa hizo.

Presha ikishuka baada ya kubadili mlo, usiache dawa mwenyewe. Huenda imeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi.

Lini uende kupima

Nenda zahanati au kituo cha afya ukiona uzito unapungua bila sababu, kiu na mkojo vimezidi, kidonda hakiponi, miguu imevimba, pumzi inakata, chakula kinakwama kooni, au kuna damu kwenye choo. Hata bila dalili, mwenye zaidi ya miaka 60 apime presha, sukari na damu angalau mara moja kwa mwaka. Presha inayoonekana mara kwa mara kuwa 140/90 au zaidi inahitaji matibabu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi, kipimo kirudiwe ili kuthibitisha kisukari. Wanaohitaji huduma kubwa zaidi hupelekwa Makandana mjini Tukuyu, Igogwe au Mbeya.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na ilitaka wasio na uwezo watibiwe bure. Uliza kwa mtendaji wa kijiji au ofisa ustawi wa jamii kuhusu kitambulisho cha matibabu.

Kula pamoja

Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake Rungwe miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 umuhimu wa ukwangala: watu wa rika moja kukaa, kula na kunywa pamoja. Kwa wazee wa leo jambo hili lina uzito wa kiafya. Bibi anayebaki peke yake baada ya watoto kwenda mjini mara nyingi hapiki. Hunywa chai na kulala. Mjukuu akitumwa kwake na bakuli la maharage akae wale pamoja. Wazee wanaokutana kanisani au kwenye vikundi vya kukopeshana wanaweza kupanga mlo wa pamoja mara moja kwa wiki.

Uanze vipi

Usibadili yote siku moja. Wiki mbili za kwanza, ongeza maziwa au yai asubuhi. Mbili zinazofuata, punguza sukari na utenge chai na chakula. Kisha punguza chumvi, halafu ongeza mboga na dona. Kila siku tembea nusu saa, na usimame na kukaa kwenye kiti mara kumi, kwa sababu protini haijengi misuli isiyotumika. Choo kinaweza kulainika ndani ya wiki chache. Nguvu za miguu huchukua miezi miwili au mitatu. Baada ya muda huo rudia kipimo cha kiti. Ukiwa bado huwezi kusimama bila kushika, usiseme tena ni uzee tu. Nenda ukapimwe.