Kasri la Grunewald: Jina, Jengo na Matabaka Yake

Neno la Kijerumani Jagdschloss humtaabisha mfasiri wa Kiswahili. Jagd ni uwindaji. Schloss ni jumba la mtawala, lakini neno hilohilo ndilo kufuli, kwa kuwa chimbuko lake ni kitenzi cha kufunga. Kuliita "ngome" hakufai, maana jengo la kujihami Wajerumani huliita Burg. "Boma" nalo, kwetu sisi tuliotawaliwa kutoka Berlin, limekwisha kubeba kodi na viboko. Limebaki "kasri", tulilolipokea kutoka Kiarabu, na ambalo wanaisimu wengi hulifuatilia hadi castrum ya Kilatini, yaani kambi ya askari. Basi tuseme "kasri la kuwindia".

Kasri kongwe kuliko yote yaliyosalia Berlin ni la aina hiyo. Joachim II, mtawala wa Brandenburg, alilijenga mwaka 1542 kando ya ziwa, akaliita Zum gruenen Wald, yaani "Penye msitu wa kijani". Kwa kawaida nyumba hupewa jina la mahali. Hapa mambo yaligeuka: msitu mzima ukaja kuitwa Grunewald kwa sababu ya nyumba, kisha mtaa na stesheni ya reli. Kutoka stesheni hiyo, tarehe 18 Oktoba 1941, liliondoka treni la kwanza lililowahamisha Wayahudi wa Berlin kwa nguvu. Mwanaisimu anayefuatilia historia ya jina hana ruhusa ya kuishia kwenye paa na kulungu.

Jengo lenyewe lilibadilishwa sana mwanzoni mwa karne ya 18, enzi ya Friedrich I. Tangu mwaka 1932 limekuwa makumbusho. Lilifunguliwa tena mwaka 1949 baada ya vita, na ndani yake zimetundikwa picha za Lucas Cranach na mwanawe. Katika miaka ya 1970 wahifadhi waliondoa nyongeza za baadaye katika orofa ya chini, ukumbi wa karne ya 16 ukaonekana tena. Umbo la nje, hata hivyo, waliliacha kama karne ya 18 ilivyoliacha. Wapo wanaoulaumu mchanganyiko huo. Mimi nauona kuwa wa haki, kama ninavyomwona wa haki mhariri wa muswada wa kale wa Kiswahili anayeufichua ubeti wa awali bila kuyafuta marekebisho ya wanakili.

Takribani mwaka 1770, chini ya Friedrich II, liliongezwa ghala la zana za uwindaji. Miongoni mwa zana za wawindaji wa zama hizo vilikuwamo vitambaa vilivyofungwa kwenye kamba kuzingira msitu, ili wanyama waogope kutoka. Uwindaji huo ulikoma, lakini mpaka leo Mjerumani aliyeponyokwa na kitu husema kimempita kati ya vitambaa, na wengi wasemao hivyo hawajui ni vitambaa gani.