Glavu na Zumari

Yako mambo mawili ambayo taifa changa hulazimika kuyafanya kwa wakati mmoja, nayo hayapatani kwa urahisi: kujifunza kwa wageni, na kutojisahau. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere, akilihutubia Bunge la Tanganyika kwa mara ya kwanza akiwa Rais, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akayagusa yote mawili. Alisikitika kwamba wengi wa waliosoma walizijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwao. Papo hapo akaonya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine limepungukiwa na akili. Maneno hayo hukumbushwa mara nyingi katika habari za ngoma na mavazi. Katika makala haya tunakusudia kuyapima kwa jambo ambalo waandishi wa utamaduni hulipita kando, labda kwa kuona linanuka jasho, nalo ni mchezo wa ngumi.

Ngumi za glavu hazikuzaliwa kwetu. Zililetwa wakati wa ukoloni, zikaenea katika kambi za jeshi, katika polisi na katika shule, nasi tukazipokea zikiwa nzima, pamoja na kengele yake, ulingo wake na kanuni zilizotungwa Uingereza. Hatusemi kwamba tulizipokea vibaya. Mwaka 1970 Titus Simba alirudi kutoka Edinburgh na medali ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola katika uzito wa kati, na mwaka 1998 Michael Yombayomba akatwaa dhahabu ya uzito wa bantam mjini Kuala Lumpur. Lakini kabla ya glavu kufika tulikuwa na michezo yetu ya kupigana. Ilikuwako mieleka ya vijijini. Wako watu wa Makunduchi wanaopigana kwa migomba siku ya Mwaka Kogwa. Na kiko kirumbizi cha pwani, ambapo wanaume wawili huingia katikati ya duara na fimbo zao, zumari ikilia na ngoma ikijibu, huyu akirusha pigo na yule akilikinga, miguu ikifuata mdundo.

Sisi tulikiona kirumbizi harusini tukiwa wadogo, na glavu tukazivaa shuleni. Siku ya kwanza mwalimu wetu wa ngumi alitutazama tulivyosimama, akacheka, akauliza kama tumekuja kupigana au kucheza ngoma ya bibi harusi. Darasa zima likacheka. Tuliirekebisha miguu kama alivyotaka, na tangu siku hiyo tukaamini kwamba tulichokijua kabla ya kuingia shuleni hakikuwa ujuzi. Hatumlaumu, naye alifundishwa hivyo. Lakini kicheko kile ndicho kiini cha habari yetu. Wako watu wa nchi nyingine waliofikiwa na ngumi zile zile za Kiingereza, na hawakucheka.

Watu hao ni wa Siam, nchi inayoitwa leo Thailand. Mapigano yao ya jadi yaliruhusu ngumi, teke, goti na kisukusuku, na mikono ilifungwa kamba badala ya glavu. Kwa masimulizi yao, muda ulipimwa kwa kifuu cha nazi kilichotobolewa: kikielea majini hadi kikazama, raundi imekwisha. Nao hawakutawaliwa na Mzungu, kwa hiyo hapakuwa na mkoloni wa kuwalazimisha. Hata hivyo, kumbukumbu za mchezo wao zinaonyesha kwamba mwaka 1913 ngumi za Kiingereza ziliingizwa katika mafunzo ya Suan Kulap, shule mashuhuri ya Bangkok, na kwamba mwaka 1919 zikawa zinafundishwa pamoja na mapigano ya kwao kama somo moja, na judo ya Kijapani ikiwa kando yake. Mwaka 1921 ulijengwa ulingo wa kudumu katika shule hiyo hiyo, ukatumiwa kwa michezo yote miwili. Yafaa walimu walitazame jambo hili kwa makini: muungano ule ulipata nafasi yake darasani kabla ya viwanja vikubwa vya mji kujengwa.

Muungano wenyewe haukuwa rahisi, kwa sababu michezo miwili hubishana mwilini mwa mtu mmoja. Bondia wa Kiingereza huinama na kukiteremsha kichwa ili ngumi impite. Akifanya hivyo mbele ya Mthai, kichwa hukutana na goti. Bondia huuweka uzito juu ya mguu wa mbele ili ngumi yake iwe nzito. Kwa Mthai mguu huo lazima uwe mwepesi, tayari kuinuliwa kuzuia teke. Kwa hiyo hawakuweza kuvimwaga vyote katika chungu kimoja. Walichagua. Walichukua ngumi zilizonyooka na mfululizo wake. Maungo mengine wakayaacha kama yalivyokuwa.

Katika kanuni pia walichagua. Mwishoni mwa miaka ya 1920, baada ya mpiganaji kufa kwa vipigo vya mikono iliyofungwa kamba, glavu zilichukua nafasi ya kamba. Kifuu kikaipisha saa, na mapigano yakawa ya raundi tano za dakika tatu tatu. Lakini mpiganaji hakuacha kuvaa kitambaa chake kitakatifu kichwani anapoingia ulingoni, wala kumsujudia mwalimu wake kwa mchezo wa taratibu kabla ya kengele. Wala wapigaji muziki hawakufukuzwa. Katika uwanja wa Rajadamnern, uliofunguliwa mwaka 1945, walikaa kando ya ulingo na ngoma, matoazi, na chombo cha kupuliza chenye ulimi, ndugu wa zumari yetu. Pambano likikolea, nao huharakisha.

Je, walidhoofika kwa kushika mbili? Tarehe 16 Aprili 1960 Pone Kingpetch alimshinda Pascual Pérez wa Argentina, akawa Mthai wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi. Saensak Muangsurin, aliyelelewa katika mapigano ya jadi, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1975 katika pambano lake la tatu tu la ngumi za kulipwa. Samart Payakaroon alikuwa bingwa wa jadi, akatwaa ubingwa wa dunia wa ngumi mwaka 1986, akaupoteza mwaka uliofuata, kisha akarudi katika mchezo wa kwao na mikono iliyokuwa hodari zaidi. Naye Somluck Kamsing, aliyeanzia pia katika mchezo wa jadi, akaipatia nchi yake medali ya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, mjini Atlanta mwaka 1996. Hatusemi kwamba kila lao ni la kuigwa. Kule watoto wadogo hupandishwa ulingoni wapigane mbele ya watu wanaocheza kamari, na jambo hilo hatulitamani shuleni kwetu.

Mtu aweza kutujibu kwamba kirumbizi ni ngoma, si vita, na kwamba fimbo haina la kumwambia bondia. Jibu hilo tulilikubali kwa miaka mingi. Lakini mtu anayekinga fimbo hupima umbali kwa jicho, husoma bega la mwenzake kabla mkono haujaja, na hurudi nyuma bila kuivuka miguu. Mambo hayo matatu ndiyo tuliyopigiwa kelele shuleni mwaka mzima.

Mwaka juzi tulialikwa harusi ya jamaa, na kirumbizi kikachezwa. Waliingia vijana wawili wa klabu ya ngumi ya mtaa wetu, kwa mzaha, wakijua kwamba watachekwa. Mmoja alisimama kama bondia, ngumi za fimbo mbele ya kidevu. Mpiga zumari, mzee wa miaka mingi, alikitoa chombo kinywani, akamwendea, akamsogeza mguu wa nyuma kwa ncha ya kiatu chake, akasema, "Hapo, mwanangu. Mikono yako iache hivyo hivyo." Kisha akarudi mahali pake, akapuliza.