Mafundi wa Meksiko na Magari Makuukuu ya Wageni

Desturi ya Wamarekani kuvuka mpaka wa kusini na gari bovu, kisha kurudi nalo likiwa zima, ilikuja na barabara. Mwaka 1936 serikali ya Meksiko ilifungua rasmi barabara kutoka Nuevo Laredo, mkabala na Texas, hadi Mexico City, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Barabara hiyo ilikuwa kipande cha mradi mkubwa wa Panamericana, barabara ya kuunganisha nchi za Amerika, nayo ilipanda milima ya Sierra Madre ya Mashariki kwa kona na miinuko iliyochemsha rejeta na kumaliza breki. Msafiri aliyekwama milimani, karibu na Tamazunchale, hakuwa na wakala wa Ford wala wa Chevrolet wa kumkimbilia. Aliyekuwapo ni fundi wa mtaani, aliyezoea malori na mabasi, na malipo aliyoomba yalikuwa madogo sana kwa mtu mwenye dola mfukoni.

Magharibi, kwenye mpaka na Kalifornia, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Huko gari halikuharibikia njiani. Lilipelekwa kwa makusudi. Tijuana ilikuwa imeinuka kwa biashara ya baa na kamari wakati Marekani ilipopiga marufuku pombe, kati ya 1920 na 1933. Marufuku ilipoondolewa, mji ulilazimika kutafuta riziki nyingine. Mwaka huohuo wa 1933 Tijuana na Ensenada zilipewa msamaha wa ushuru wa forodha, na mwaka 1939 msamaha huo ukaenezwa katika eneo lote la Baja California, hivyo bidhaa za kigeni zikaingia kwa bei nafuu kuliko sehemu nyingine za nchi. Jirani wa Tijuana, San Diego, ilikuwa na kambi kubwa ya jeshi la majini la Marekani, iliyojaa vijana wenye mishahara midogo lakini ya uhakika, na wengi wao walikuwa na magari ya mkono wa pili.

Kufikia miaka ya 1950 Tijuana ilikuwa na sifa kusini mwa Kalifornia kwa kazi moja hasa: kushona siti. Mtindo uliopendwa na vijana ulikuwa wa matuta membamba yaliyopangwa sambamba, yakishonwa kwa plastiki yenye sura ya ngozi na kujazwa ndani ili yavimbe. Mwenye gari alivuka asubuhi, akapatana bei, akaliacha gari kwenye karakana na kwenda zake mjini. Siti zilipokuwa tayari alivuka kurudi. Baada ya siti zikafuata kazi za kunyoosha bodi na kupiga rangi. Kalifornia palikuwa na uvumi kwamba mafundi wale hujaza siti majani makavu, au hata kinyesi cha ng'ombe. Kazi za ovyo zilikuwapo, kama ziwavyo popote penye wateja wa haraka, na bodi iliyozibwa kwa puti nene bila kunyooshwa ilipasuka baada ya miezi. Hata hivyo, uvumi huo uliwaonea wengi. Vijana wenye magari walielekezana kwa mdomo, na sifa ya mdomo haidumu mwaka baada ya mwaka kama kazi yenyewe ni ya kitapeli.

Sababu ya kwanza ya unafuu wa matengenezo hayo ilikuwa fedha. Aprili 1954 Meksiko ilishusha thamani ya sarafu yake kutoka peso 8.65 hadi peso 12.50 kwa dola moja, na kiwango hicho kikakaa bila kubadilika hadi Agosti 1976. Kwa miaka 22 msafiri aliweza kupiga hesabu ya matengenezo yake kabla hajatoka nyumbani. Baada ya hapo ikaja misukosuko. Mwaka 1982 ulianza kwa peso 26 hivi kwa dola na ukaisha kwa takribani 150, na Desemba 1994 sarafu ikaanguka tena. Kila anguko liliwaletea mafundi wa mpakani wateja wapya kutoka ng'ambo, huku familia zao zikinunua chakula na vipuri kwa bei inayopanda. Msafiri aliyefurahia bei ndogo alikuwa akifaidi shida ya mwenzake, na historia ya desturi hii haielezwi kwa haki kama jambo hilo litaachwa.

Lakini peso dhaifu haitoshi kueleza ufundi wenyewe. Nchi nyingi zilikuwa na fedha dhaifu na hazikuwa na mafundi wa namna ile. Jibu liko katika sera ya viwanda. Kwa amri ya Agosti 1962 Meksiko ilizitaka kampuni za magari zitumie vipuri vya ndani kwa angalau asilimia 60 ya gharama ya gari, na kuanzia Septemba 1964 ikazuia kuingiza injini na magari yaliyokwisha kuunganishwa. Gari jipya likawa ghali, la zamani likatunzwa, na kipuri cha kigeni kikawa adimu. Fundi alifundishwa na mazingira hayo kukifufua kifaa badala ya kukitupa. Dainamo na stata zilisukwa upya waya wake. Rejeta iliyooza ilifunguliwa, ikawekewa kiini kipya na kuchomelewa kwa risasi. Sahani ya klachi ilibandikwa tabaka jipya. Krenki iliyolika ilipelekwa kwa mkerezaji.

Kazi hizo hazikufanywa chini ya paa moja. Kila karakana ilikuwa na fani yake: ekzosi huku, umeme wa gari kule, breki mtaa wa pili, mziba pancha kando ya barabara kuu akiwa na tairi kuukuu limesimamishwa nje kama alama. Mgeni aliyeizoea gereji kubwa ya kwao, yenye kila kitu, alishangaa kuona fundi anafungua stata yake na kumpa mwanagenzi aibebe kwa miguu hadi kwa msukaji. Mfumo huo ndio uliobana gharama, kwa kuwa kila mtu alihitaji vifaa vya kazi moja tu, na mteja alilipia mikono kuliko kipuri.

Gari lililonufaika zaidi na haya yote lilikuwa Volkswagen. Kampuni ya Volkswagen ya Meksiko iliundwa mwaka 1964, na kiwanda chake cha Puebla kikaanza kutoa Beetle mwaka 1967. Wameksiko waliiita Vocho, wakaifanya gari la familia na teksi ya jiji, siti ya mbele ya abiria ikiwa imeng'olewa ili watu waingie kwa urahisi. Ulaya na Marekani nazo zilikuwa zikiiacha: kiwanda cha Emden, Ujerumani, kilitoa Beetle yake ya mwisho Januari 1978, na Marekani ilikuwa imeacha kuuziwa ile ya kawaida mwaka 1977. Puebla iliendelea hadi Julai 30, 2003, Beetle ya mwisho ilipotoka ikiwa ya 21,529,464 duniani. Kwa hiyo kwa miaka 25 baada ya Ujerumani kuacha, vipuri vipya vya gari hilo viliuzwa katika kila mji wa Meksiko, na mafundi walioweza kushusha injini yake na kuirudisha walikuwa wengi. Kwa kijana wa Marekani mwenye Volkswagen iliyochoka, ile ya kawaida au basi lake dogo, safari ya kusini ilikuwa mapumziko na matengenezo kwa pamoja. Maandishi yalisaidia pia. Mwaka 1969 John Muir alichapa huko Santa Fe, New Mexico, kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kuitengeneza Volkswagen mwenyewe, na mwaka 1972 shirika lake likachapa The People's Guide to Mexico cha Carl Franz, kilichokuwa mwongozo wa wasafiri wa aina hiyo.

Serikali ya Meksiko haikumwacha mgeni mikononi mwa bahati. Mwaka 1960 ilianzisha kikosi cha Ángeles Verdes, Malaika wa Kijani, magari ya rangi ya kijani yenye mafundi waliozunguka kwenye barabara kuu wakiwatafuta wasafiri waliokwama. Kazi ya mikono haikutozwa; mgeni alilipia vipuri na mafuta tu. Kikosi hicho kipo hadi leo, na hupatikana kwa simu namba 078.

Kilichomsumbua mgeni zaidi kilikuwa karatasi. Nje ya ukanda wa mpakani na Baja California, gari la kigeni huingia kwa kibali cha muda, na aliyeliingiza haruhusiwi kuliuza wala kuliacha nchini baada ya kibali kwisha. Gari lililokufa injini mbali na mpaka lilikuwa kifungo: sharti litengenezwe au livutwe hadi mpakani, na hapo ndipo fundi mwenye uwezo wa kufufua injini alipokuwa na thamani kuliko bei yake. Bima ya Marekani nayo haimlindi dereva akiwadhuru watu huko, hivyo bima ya Kimeksiko hununuliwa kabla ya safari.

Tangu Agosti 2005, Meksiko iliporuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ya umri wa miaka 10 hadi 15 kutoka kaskazini, magari makuukuu ya Marekani yamevuka kwa mamilioni na kubaki. Fundi wa Ciudad Juárez au Tijuana sasa huyafanyia kazi magari yaleyale yanayoletwa na wasafiri, na vipuri vyake huvipata kwenye yadi za magari yaliyokatwakatwa. Anayesafiri mbali zaidi ya mpaka bado huchukua kibali cha siku 180 na kuweka dhamana inayorudishwa gari linapotoka: dola 400 kwa gari la mwaka 2007 na kuendelea, 300 kwa la 2001 hadi 2006, na 200 kwa la mwaka 2000 au kabla ya hapo.