KCSE: Mbona C+ Pekee Haikupi Kozi Unayotaka

Matokeo ya KCSE yakitoka, story mtaani ni moja, kuanzia Kayole mpaka Buru: "Umepata ngapi?" Ukisema C+, mathe anapiga vigelegele na ploti nzima inajua umeingia campo. Poa, lakini C+ ni kiingilio tu. Inakuruhusu kuomba digrii, kozi ni hesabu ingine.

Hiyo hesabu inapigwa na KUCCPS, wale walichukua kazi ya JAB baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kila kozi ina klasta ya masomo manne, na A moja ni pointi 12, so klasta ikijaa ni 48. Halafu wanachanganya na jumla yako ya masomo saba, ambayo juu kabisa ni 84.

Cheki hii. Mabeshte wawili wa Umoja wote wamepata B-, kila mmoja ana pointi 56. Wote wanataka uinjinia. Wa kwanza ameokota 40 kwa Hesabu, Fizikia, Kemia na somo la nne. Mwenzake ana 30, pointi zake zingine zilitoka CRE na Historia. Kwa fomula ya kawaida, wa kwanza anafika karibu 36, wa pili anabaki 31. Gredi ni ile ile, lakini mmoja ako mbele sana kwa laini.

Na ile cut-off watu wanaogopa haiwekwi na mtu mezani. Ni pointi za msee wa mwisho aliyeingia hiyo kozi mwaka uliopita, so inapanda na kushuka. 2016, serikali ilipokaza wizi wa mtihani, A zilianguka kutoka 2,685 za 2015 hadi 141. Mwaka kama huo, cut-off ya mwaka uliopita haikuambii mengi.

Tangu 2023 gredi ya jumla inahesabiwa na Hesabu, lugha moja na masomo matano uliyofanya vizuri zaidi. Imesaidia wengi kufika C+. Lakini masharti ya kozi bado yako pale pale: sheria, kwa mfano, inataka B kwa Kiingereza au Kiswahili. Ukiwa na C hapo, A ya Jografia haikusaidii.

Chini ya C+ je? C- inakupeleka diploma, D inakupa cheti, na hata mwenye E ana kozi za ufundi kwa TVET. Ukimaliza diploma vizuri unaweza kuomba digrii. Ni njia ndefu, na inakula doh, lakini iko.

Ukitemwa awamu ya kwanza, huwa kuna awamu ya kurekebisha, na kozi zenye nafasi zinaonekana kwa portal. Ukienda saiba, beba pointi zako za klasta zikiwa zimeandikwa, na uchague mwenyewe. Jamaa wa saiba ana laini ya watu nyuma yako, atakujazia chochote.