Kipimo cha Chakula Siku za Vita

Nyegezi iko kando ya Ghuba ya Mwanza, nasi tukiutazama ufuko wake mtulivu hatudhani kwamba vita vya mbali vingeweza kuingia hata chunguni mwetu. Lakini viliingia, na yafaa vijana wajue.

Vita vilianza mwaka 1939. Mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Burma, nchi iliyoleta mchele mwingi Afrika ya Mashariki; wakateka na nchi za Asia zilizotoa katani na mpira. Basi mchele ukakatika, na Tanganyika ikatakiwa kuongeza katani. Vijana wengi wakawa askari, na wengine wakapelekwa kwa amri kwenye mashamba ya mkonge. Mikono ikapungua nyumbani. Tena mwaka 1943 mvua zikapungua mahali pengi, njaa ikaingia.

Ndipo serikali ikaanza kupima chakula mijini. Mtu hakununua kwa kiasi cha fedha yake, bali kwa kiasi alichopangiwa. Jambo hilo lenyewe si baya. Maana pasipo kipimo mwenye fedha hununua vyote, na maskini hurudi na kikapu kitupu. Huko Uingereza vyakula vilipimwa tangu 1940 hata 1954, na kipimo cha sukari cha tajiri kilikuwa sawa na cha maskini. Lakini Dar es Salaam watu walitengwa kwa taifa: Mzungu fungu lake, Mhindi lake, na Mwafrika lake. Mwafrika alipewa unga, hata kama kwao hula wali. Hapo mizani iliacha kupima njaa, ikapima rangi.

Huku Usukuma wengi waliishi kwa shamba. Amri za watemi, chini ya serikali, ziliwalazimu watu kulima mihogo iwe kinga ya njaa. Watu hawapendi kulimishwa kwa amri. Hata hivyo muhogo hustahimili jua, tena hungoja ardhini mpaka utakapohitajiwa. Akina mama nao walikata viazi vitamu wakavianika kuwa michembe; na vilivyochemshwa kwanza, ndivyo matobolwa. Ziwa likatoa furu, ningu na sato. Sangara alikuwa bado hajaletwa.

Akiba hiyo ilitoka katika mikono ya wanawake, ambao wengine waume zao na wana wao walikuwa Burma au kwenye mkonge. Majina yao hayamo katika vitabu vya vita, lakini ndio waliolisha nchi.

Basi, walimu, mkifundisha habari za vita, msianze na mizinga. Anzeni na chungu. Waulizeni watoto ni nani aliyeweka akiba, na ni nani aliyegawa. Maana njaa huja tena, na siku hiyo atakayeshika kibaba na apime kwa haja ya mtu, wala si kwa cheo chake.