Kimeng'enya kinachofungua ghala la sukari mwilini

MTOTO wa Songwa, wilayani Kishapu, aliyekula ugali saa 1:00 usiku na kulala hadi alfajiri, huamka akiwa na sukari ya kutosha katika damu ingawa tumbo lake limekaa tupu kwa saa nyingi. Kazi hiyo hufanywa na ini, na hatua yake ya mwisho humtegemea mtumishi mmoja mdogo: kimeng'enya kiitwacho glukosi-6-fosfatesi.

Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. Glukosi inapoingia ndani ya seli hufungwa kipande cha fosfeti, na ikiwa na kipande hicho haiwezi kutoka tena. Glukosi-6-fosfatesi hukikata, na sukari ikawa huru kurudi katika damu.

Damu yote ya mtu mzima ina takriban gramu 5 tu za glukosi, ilhali ubongo peke yake hutumia takriban gramu 120 kwa siku. Ini huziba pengo hilo kwanza kwa kuvunja glikojeni, yaani akiba ya wanga iliyowekwa baada ya mlo. Akiba ikipungua, ini hutengeneza glukosi mpya kutokana na asidi ya laktiki, gliseroli ya mafuta na baadhi ya asidi amino. Njia zote mbili huishia katika lango hilohilo.

Misuli ina glikojeni nyingi kuliko ini, lakini haina kimeng'enya hicho cha ini. Mchimbaji wa dhahabu wa Geita, hata awe na misuli minene kiasi gani, hawezi kuchota sukari humo na kuipeleka moja kwa moja kwenye ubongo.

Wapo wachache wanaozaliwa bila lango hilo, takriban mtoto 1 kati ya 100,000. Ugonjwa wao ulielezwa mwaka 1929 na daktari Mjerumani, Edgar von Gierke, na mwaka 1952 Gerty Cori na mumewe Carl, wakiwa Marekani, walionyesha kuwa kinachokosekana ni glukosi-6-fosfatesi. Ini la mtoto huvimba kwa akiba isiyotoka, na sukari yake hushuka saa chache tu baada ya kula. Tangu miaka ya 1980 watoto hao wamekuwa wakipewa wanga mbichi wa mahindi, ambao humeng'enywa polepole. Wanga huo ni uliosafishwa. Si unga wa sembe wa dukani.

Walio wengi huzaliwa na lango zima, lakini lango zima halisaidii kitu ghala likiwa tupu. Pombe kali inayonywewa tumbo likiwa halina chakula huzuia ini kutengeneza glukosi mpya, na mnywaji aliyezimia kwa kukosa sukari hudhaniwa amelewa tu.

Hatari kubwa zaidi kwa Kanda ya Ziwa ni malaria kali. Mtoto mwenye homa hakatai matobolwa tu, hukataa hata uji. Akiba ya ini lake ni ndogo na mwili wake hutumia sukari kwa kasi kuliko wa mtu mzima kwa kila kilo ya uzito. Vimelea navyo hula glukosi na kuacha asidi ya laktiki, wakati uwezo wa ini wa kutengeneza sukari mpya umedhoofika. Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari iliyo chini ya milimoli 2.2 kwa lita kuwa miongoni mwa dalili za malaria kali.

Kwinini, iliyokuwa tegemeo kwa miaka mingi, huchochea kongosho kutoa insulini na hivyo kuishusha sukari zaidi, hasa kwa wajawazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo hospitali za Muheza na Korogwe, ulionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliopewa sindano ya artesuneti dhidi ya 10.9 kwa waliopewa kwinini. Sukari pia ilishuka kwa wachache zaidi baada ya artesuneti.

Mtoto ambaye sukari imemwishia huweza kushikwa na degedege au kupoteza fahamu. Katika sehemu nyingi nchini degedege limehusishwa na mashetani, na saa zinazopotea kwa mganga ndizo saa ambazo ubongo hauna chakula. Tone la damu kutoka kidoleni hutosha kuonyesha kiwango cha sukari, na zahanati yenye kipimo hicho hupata jibu kwa dakika chache.

Kwa mtoto anayeweza kumeza, mwongozo ni vijiko 4 vya chai vya sukari katika mililita 200 za maji safi, na anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Aliyezimia asimiminiwe uji wala maji, kwani huweza kuingia mapafuni. Huyo huwekewa chini ya ulimi kijiko kimoja cha chai cha sukari kilicholoweshwa kwa tone moja au mawili ya maji, na hurudiwa mara kwa mara njiani, kwa kuwa sukari hushuka tena, hadi afikishwe hospitali anakoweza kupata dripu ya glukosi na dawa ya malaria yenyewe.