HATAHATA: SAMAKI WA RADI NA CHUNGU CHA WATU WA AKITA

Mwenye kutaka kuijua historia ya watu hana budi kuchungulia chunguni mwao. Wafalme huacha majumba na makaburi, lakini mvuvi na mkewe aghalabu huacha namna ya kupika tu, pamoja na majina ya vitu walivyovipika. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji habari za chungu kimoja cha samaki huko Japani, na jinsi samaki wa chungu hicho alivyokaribia kutoweka, na uamuzi mzito waliouchukua wavuvi ili arudi.

Mkoa wa Akita uko kaskazini mwa Honshu, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Japani, upande unaotazamana na Bahari ya Japani. Wakati wa baridi pepo kali huvuma kutoka Siberia, zikichukua unyevu baharini na kuumwaga nchi kavu kama theluji. Katika mkoa huo imo rasi ya Oga, iliyojitokeza baharini kama ngumi. Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba na katika Desemba, mawimbi huchafuka na radi hupiga juu ya maji. Watu wa Oga wanapoisikia radi hiyo husema kwamba hatahata amekaribia.

Hatahata ni samaki mdogo asiye na magamba, mwenye urefu wa shibiri moja hivi. Muda mwingi wa maisha yake hukaa kwenye mchanga wa bahari kuu, kwenye kina cha mita 250 hivi. Majira ya baridi yanapoingia, hupanda kwa makundi makubwa mpaka kwenye maji machache ya pwani, akatage mayai yake katika mwani. Mayai hayo hushikamana yakawa donge moja, nayo huitwa buriko. Basi samaki huyu huja mwenyewe mlangoni kwa binadamu, kwa siku chache tu, wakati ambao mashamba yamefunikwa na theluji na mboga zimekwisha. Si ajabu kwamba watu walimwona kuwa ni tunu kutoka mbinguni.

Sisi walimu wa lugha yafaa tulitazame jina lake. Wajapani wana maandishi mawili ya kuliandika. Katika moja, alama ya samaki imeunganishwa na alama ya radi. Katika la pili, alama ya samaki imeunganishwa na alama ya Mungu. Neno lenyewe huhusishwa na jina la kale la ngurumo kubwa. Hivyo katika jina moja msomaji hupata hali ya hewa, imani na riziki.

Iko pia hadithi inayosimuliwa Akita. Baada ya vita vya Sekigahara vya mwaka 1600, Tokugawa Ieyasu alikuwa bwana wa Japani nzima. Mwaka 1602 alimwondoa mtawala Satake Yoshinobu katika nchi yake ya Hitachi, upande wa mashariki, akampeleka Akita kwenye baridi, kwa kuwa hakuwa amesimama wazi upande wake. Wasimulizi husema kwamba hatahata walimhurumia bwana wao wakamfuata. Mtaalamu wa samaki hataikubali habari hiyo, lakini mwanahistoria hawezi kuidharau, kwa maana inaonyesha jinsi watu walivyomhesabu samaki huyu kuwa mwenzao katika dhiki.

Na sasa tuje kwenye chungu. Kwa Kijapani neno nabe lina maana ya chungu, na pia ya chakula kipikwacho humo na kuliwa pale pale mezani, kila mtu akijipakulia, kama vile sisi tusemavyo kwamba mtu amekula sahani mbili. Chungu cha hatahata hutiwa shottsuru, ambayo ndiyo roho yake. Shottsuru ni maji ya samaki na chumvi: hatahata hupangwa ndani ya mapipa pamoja na chumvi nyingi, wakaachwa mwaka mmoja, miwili au hata mitatu, mpaka nyama iyeyuke. Kisha maji hayo huchemshwa na kuchujwa, yakawa na rangi ya kahawia na harufu kali. Waswahili husema akiba haiozi. Huko Akita samaki anayevundikwa ndiye hugeuka akiba. Katika chungu hutiwa maji kidogo, shottsuru, vitunguu vya majani, kabichi ya Kichina, uyoga, na tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa. Hatahata huingia mwisho, kwa sababu nyama yake ni laini na huiva upesi. Mlaji mzoefu hukishika kichwa akauvuta uti wa mgongo wote kwa mara moja. Buriko nayo huteleza mdomoni, kisha mayai hupasuka moja moja chini ya meno.

Zamani chakula hiki kilipikwa ndani ya gamba kubwa la kombe lililowekwa juu ya seredani ya makaa. Jina lake lilikuwa kaiyaki, maana yake "kuchoma katika gamba". Ulimi wa wenyeji ukalifupisha likawa kayaki. Na hata leo, ijapokuwa magamba yamewapisha vyungu na sufuria, watu wa Akita huita kayaki karibu kila chakula cha chunguni. Chombo kimeondoka, jina limebaki.

Samaki naye alikaribia kubaki jina. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1975, wavuvi wa Akita walipata zaidi ya tani 10,000 kila mwaka, na mwaka 1968 walifikia tani 20,000 hivi. Hatahata alikuwa chakula cha maskini. Familia zilimnunua kwa masanduku, zikamtia chumvi, zikamvundika pamoja na wali na kumla kipindi chote cha baridi. Mwaka 1976 mavuno yakaanza kuanguka ghafula. Mwaka 1991 zilipatikana tani 70 tu. Nyavu za kutegwa pwani ziliwanasa samaki waliokuja kutaga, na nyavu za kukokota ziliwakumba huko kilindini. Watengenezaji wa shottsuru walilazimika kutumia samaki wengine, na chakula cha maskini kikawa cha wenye fedha.

Hapo ndipo wavuvi walipokabiliwa na swali gumu. Wataalamu wa uvuvi wa mkoa walionyesha kwa hesabu zao kwamba kupunguza uvuvi hakutoshi. Ilipasa kuuacha kabisa kwa muda. Lakini mavuno ya Desemba ndiyo yaliyolipa madeni ya mwaka na gharama za sikukuu. Tena, samaki hajui mipaka ya mikoa: Waakita wakiacha, jirani zao wataendelea kuvua. Mabishano yalikuwa makali, mikutano ikafuatana. Mwishowe vyama vya ushirika vya wavuvi vilikubaliana kwa kauli moja, na kuanzia Septemba 1992 Akita yote iliacha kumvua hatahata kwa miaka mitatu. Haikuwa amri ya serikali iliyowashukia kutoka juu; ni wenye nyavu wenyewe waliozikunja.

Mwaka 1995 uvuvi ulifunguliwa tena, kwa sharti la kutovua zaidi ya nusu ya samaki waliokadiriwa kuwako. Mwaka 1999 mikoa jirani ya Aomori, Yamagata na Niigata iliungana na Akita katika mapatano ya kutovua hatahata mwenye urefu chini ya sentimita 15. Mavuno yalipanda, na mwaka 2004 yalizidi tani 3,000. Hata hivyo hadithi haikuishia hapo. Katika miaka ya karibuni hatahata wamepungua tena vibaya, na msimu wa 2024 ulikuwa wa huzuni kwa bandari za Oga. Safari hii lawama haziwezi kutupiwa nyavu peke yake, maana maji ya bahari yenyewe yanapata joto, na joto hilo halikunjwi kama wavu.

Msafiri anayetaka kuyaona mambo haya hupanda gari moshi liendalo kasi kutoka Tokyo, akafika mji wa Akita baada ya saa nne hivi. Kisha huchukua gari moshi dogo mpaka Oga kwa muda wa saa moja. Akipanda mlima Kanpu, wenye urefu wa mita 355, ataona upande mmoja bahari, na upande wa pili mashamba ya mpunga ya Ogata, ambayo hadi katikati ya karne ya 20 yalikuwa ziwa la pili kwa ukubwa katika Japani nzima. Katika rasi ya Nyudo, mnara wa taa wenye mistari myeusi na myeupe husimama juu ya majani, na wapishi hutumbukiza mawe mekundu ya moto ndani ya ndoo ya mbao yenye samaki, mchuzi ukachemka mbele ya macho ya mgeni. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, vijana waliovaa vinyago vya kutisha na nguo za majani ya mpunga, waitwao namahage, huingia nyumbani wakiuliza kama yumo mtoto mvivu. Mwenye nyumba huwakaribisha kwa pombe na chakula, na kwa desturi hatahata hakukosa katika chakula hicho.

Walimu wenzangu, tunapowafundisha vijana msamiati wa chakula, tusiridhike na orodha ya maneno. Kila jina la samaki, la chombo na la namna ya kupika lina wazee wanaoweza kulieleza. Tuwatume wanafunzi wetu kwa wavuvi na wapishi wakaulize na kuandika, wakati samaki na wazee wangalipo.